Lugha ya Kufundishwa na Lugha ya Kufundishia

Leo twataka kuwasimulia habari za Kiingereza katika shule za nchi yetu, Tanganyika ya zamani ambayo leo ni Tanzania Bara: jinsi kilivyoingia, ni nani waliokitaka na nani waliokizuia, na jinsi kilivyopandishwa na kushushwa kila serikali ilipobadilika. Tutaanza mbali kidogo, zamani za wamisheni na Wadachi, hata tufike siku zetu hizi. Nasi hatusimulii kwa kufurahisha masikio tu. Jambo hili lahusu kila mzazi aliye na mtoto shuleni, na kila mwanafunzi anayesoma asichokielewa.

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kufundisha Kiingereza ni jambo moja. Kufundisha kwa Kiingereza ni jambo jingine. Mtoto anayefundishwa Kiingereza hukaa kipindi chake akijifunza maneno ya lugha hiyo na kanuni zake, kisha kipindi hupita, naye huendelea na hesabu au jiografia kwa lugha anayoielewa. Lakini mtoto anayefundishwa kwa Kiingereza, hata hesabu, hata habari za udongo na mvua, za moyo na damu, zote humfikia kwa njia ya lugha hiyo. Kiingereza cha kufundishwa ni mzigo ambao mtoto anaubeba, nao mzigo waweza kuongezwa kidogo kidogo kadiri anavyopata nguvu. Kiingereza cha kufundishia ni mtumbwi unaombeba mtoto pamoja na mizigo yake yote. Mtumbwi ukivuja, havizami vitu vya aina moja tu, vyazama vyote. Shikeni neno hili, maana mtaliona likirudi katika kila sehemu ya habari zetu.

Shule za kwanza za kusomea herufi za Kirumi katika nchi hizi zilikuwa za wamisheni. Huko Unguja, katika shule ya Kiungani ya wamisheni wa Kiingereza, vijana walifunzwa Kiswahili na Kiingereza pamoja. Wengi wa vijana wa mwanzo walikuwa wameokolewa katika majahazi ya watumwa, kila mmoja akiwa na lugha ya kwao, wala hawakuwa na lugha moja ya kuwaunganisha. Wakuu wa misheni, na hasa Askofu Edward Steere aliyefariki mwaka 1882, walitumia miaka mingi kukiandika Kiswahili, kutunga vitabu vyake vya sarufi na kutafsiri maandiko. Kiingereza kilifundishwa kwa wale waliotazamiwa kuwa walimu na makasisi, wapate kusoma vitabu ambavyo havijapata kutafsiriwa. Hata hivyo, walipotumwa bara kuwafundisha watu, walifundisha kwa Kiswahili au kwa lugha za kabila. Basi mwanzoni kabisa kila lugha ilikuwa na kazi yake.

Wakaja Wadachi, yaani Wajerumani. Walifungua shule ya serikali mjini Tanga mwaka 1892, na baadaye nyingine katika miji ya pwani na bara. Hawakuwa na haja ya kuwafanya watu kuwa Wadachi. Walitaka makarani, maakida, walimu, na watu wa kuandika hesabu za kodi. Kwa kuwa walikuta Kiswahili kimekwisha kusambaa katika njia za misafara, kutoka pwani mpaka Ujiji, waliona kuwa ni njia nyepesi kukitumia kuliko kufundisha lugha yao. Katika shule ya Tanga likapigwa chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Hata vita vya mwaka 1914 vilipoanza, barua za maakida kwa wakubwa wa bomani zilikuwa zikiandikwa kwa Kiswahili mahali pengi, hata penye lugha za kabila zilizo mbali sana na pwani. Kazi hiyo ilifanywa kwa faida ya watawala. Walakini matunda yake yalibaki walipoondoka.

Vita vilipokwisha, nchi ikakabidhiwa kwa Waingereza, nayo ikaitwa Tanganyika. Mwaka 1920 pakaundwa Idara ya Elimu. Hapo wenyeji wengi walitazamia kwamba, kama mtawala ni Mwingereza, lugha ya shule itakuwa Kiingereza. Haikuwa hivyo. Serikali iliendelea na Kiswahili katika madarasa ya chini, na sababu zake zilikuwa zaidi ya moja. Walimu wenye kujua Kiswahili walikuwako tayari, vitabu vilikuwako, na fedha zilikuwa chache. Tena, mwaka 1924 ikapita huku tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dr. James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume hiyo ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika iambatane na maisha ya kijiji chake: kilimo, afya, kazi za mikono, na mafundisho ya kwanza kwa lugha ya wenyeji. Mwezi wa Oktoba 1925 serikali ya Gavana Donald Cameron ikawakutanisha wakuu wa misheni na wa serikali mjini Dar es Salaam ili kupatana juu ya mambo ya shule, na mwaka 1927 ikatoka sheria ya elimu.

Kiswahili chenyewe kikatengenezwa. Mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Mwaka 1939 ikatoka kamusi kubwa iliyohaririwa na Frederick Johnson. Basi mtu angeweza kusema kwamba mambo yamekaa vizuri: mtoto anafundishwa kwa lugha anayoielewa, na lugha hiyo ina vitabu na kamusi.

Lakini tazameni upande wa pili. Sheria za nchi ziliandikwa kwa Kiingereza. Hesabu za idara zilifungwa kwa Kiingereza. Karani aliyejua Kiingereza alipata mshahara ambao mwenye Kiswahili peke yake hakuuona. Mwaka 1922 Martin Kayamba, mwana wa Kiungani na karani wa serikali mjini Tanga, aliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Huyu huyu, mwaka 1931, alikuwa mmoja wa watu watatu wa Tanganyika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, wakati iliposhauriwa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki chini ya serikali moja. Watu walipoyaona hayo walielewa mara moja kwamba Kiingereza ndicho njia ya kufikisha neno mbele ya mkubwa.

Na njia hiyo ilikuwa nyembamba. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, kwanza kwa wana wa machifu, nayo ilifundisha Kiingereza kwa bidii. Kwa jumla, katika siku za Waingereza, Kiswahili kilitumika kufundishia miaka mitano ya kwanza ya shule, na Kiingereza miaka mitatu ya mwisho ya darasa la sita mpaka la nane, na katika sekondari yote. Aliyetaka kufika Makerere, huko Uganda, hakuwa na njia nyingine ila hiyo. Walakini watoto wengi mno waliishia darasa la nne, kabla hata ya kuufikia mlango.

Shule zenyewe ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika. Hapa tumwombe msomaji afikiri kidogo. Mtoto wa Kizungu alifundishwa hesabu na jiografia kwa lugha ya mamaye tangu siku ya kwanza, wala hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyesema kwamba mtoto huyo ananyimwa elimu. Lakini Mwafrika alipoambiwa kuwa Kiswahili kinamtosha, alitazama mshahara wa karani, akatazama mlango wa Makerere, akasema moyoni, Hawa wanatuficha kitu. Naye hakukosea kabisa, maana kitu hicho kilikuwa kimefichwa kweli. Hivyo ndivyo yale mambo mawili tuliyoyatenga yalivyochanganyika katika fikira za watu. Kilichotakiwa na watu kilikuwa kufundishwa Kiingereza vizuri, kila mtoto, wala si mwana wa chifu peke yake. Lakini kwa kuwa Kiingereza kilionekana tu mahali ambapo ndicho kilichofundishia, watu wakaona kwamba vitu hivi viwili ni kimoja, na kwamba asiyesomea jiografia kwa Kiingereza hataweza kamwe kukijua Kiingereza.

Siasa ya kudai uhuru iliufunua ukweli wa jambo hili vizuri kuliko shule. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi wa Machi 1955 kiongozi wake, Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora, Makerere na Edinburgh, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York akaeleza shauri la Tanganyika kwa Kiingereza safi. Aliporudi nyumbani alikwenda kwa watu na kuwahutubia kwa Kiswahili, na wasemaji wa TANU wakafanya vivyo hivyo mpaka vijijini. Kama angekosa Kiingereza, asingesikiwa New York. Kama angekosa Kiswahili, asingekuwa na watu wa kuwasemea. Lugha zote mbili zilifanya kazi, kila moja mahali pake, wala hakuna iliyoifukuza nyingine.

Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru. Tazameni sasa hesabu ya shule katika mwaka huo. Watoto wa shule za msingi walikuwa kama 490,000, na wengi wao hawakupita darasa la nne. Wa sekondari walikuwa 11,832 tu, na waliokuwa Kidato cha Sita walikuwa 176. Nchi nzima! Mwaka 1962 serikali mpya ikaziunganisha shule za rangi mbalimbali ziwe shule za aina moja, na mwezi wa Desemba mwaka huo, nchi ilipokuwa Jamhuri, Rais akahutubia Bunge kwa Kiswahili.

Tunafika mwaka 1967, ambao ndio kilele cha habari zetu. Mwezi wa Januari ilitolewa amri kwamba kazi za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Mwezi wa Februari likatangazwa Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Katika waraka huo Mwalimu Nyerere alieleza jambo ambalo kila mzazi alilijua lakini alikuwa hataki kulikubali: katika kila watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, ni kama 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari. Basi haifai kuwafundisha wote 100 kana kwamba wote watakwenda sekondari. Elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imtengeneze mtu atakayeishi kijijini kwake akiwa mwenye akili na ujuzi. Katika mwaka huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule ya msingi, tangu darasa la kwanza mpaka la mwisho. Kiingereza kikabaki kuwa somo.

Shauri hilo lilikuwa jema, nasi twalisifu. Mtoto wa mkulima aliweza sasa kuuliza swali darasani bila kutafuta maneno kwanza. Lakini ngazi ilikuwa na sehemu mbili, na sehemu moja tu ndiyo iliyotengenezwa. Sekondari iliachwa ilivyokuwa, kwa Kiingereza. Zamani mtoto alihamia Kiingereza katika miaka mitatu, darasa la sita mpaka la nane, akiwa chini ya walimu wale wale na katika shule ile ile. Sasa ikampasa kuhama kwa siku moja. Mwezi wa Septemba alifanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili. Mwezi wa Januari alikaa Kidato cha Kwanza, na masomo yote, isipokuwa Kiswahili na siasa, yalikuwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akivuka mto mahali penye maji ya magotini aliambiwa aruke kutoka ukingo hata ukingo.

Wakubwa hawakukusudia hali hiyo ikae muda mrefu. Mpango wa pili wa maendeleo, ulioanza mwaka 1969, ulitazamia kwamba Kiswahili kitapanda mpaka sekondari. Somo la siasa lilikuwa likifundishwa kwa Kiswahili katika sekondari. Baraza la Kiswahili, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilikuwa likitengeneza istilahi. Mwaka 1978 ikatoka taarifa ya uchunguzi wa Penina Mlama na May Matteru, uliofanywa kwa ajili ya Baraza hilo, ikaonyesha jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyotaabika kuelewa na kujieleza kwa Kiingereza, na haja ya kufundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1980 Rais aliteua tume ya elimu chini ya Bwana Jackson Makweta. Taarifa ya tume, ya mwaka 1982, ilishauri kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, na chuo kikuu kifuate katika mwaka 1991. Watu wengi walidhani kwamba jambo limekwisha.

Halikwisha. Mwaka 1983 ikajulikana kwamba serikali haikulikubali shauri hilo. Zilikuwa siku za shida kubwa: nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin, fedha za kigeni zilikuwa haba, vitabu vilikuwa haba, na misaada kutoka nje ilihitajiwa kila upande. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Walikuta kwamba katika kila wanafunzi 10 wa Kidato cha Nne, ni kama mmoja tu aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha hata aweze kuanza kusoma kwa lugha hiyo. Tazameni neno hilo: kuanza! Hao walikuwa wamekwisha kaa sekondari miaka minne. Mtu angedhani kwamba shauri litakalofuata ni kubadili lugha ya kufundishia. Sivyo. Walishauri Kiingereza kiendelee kufundishia, na kifundishwe kwa nguvu zaidi. Uingereza ikatoa msaada, na mwaka 1987 ukaanza mpango wa vitabu vya kusoma na mafunzo ya walimu wa Kiingereza.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na kwamba ni upumbavu kukikataa. Watu wengine walimshangaa. Je, huyu si yule aliyekipandisha Kiswahili mwaka 1967? Si yule aliyemtafsiri Shakespeare, akatoa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ili kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mawazo mazito? Ndiye. Nasi twaona kwamba, katika jambo la kukifundisha Kiingereza, alisema kweli tupu. Mtu asiyekijua Kiingereza leo amefungiwa milango mingi. Lakini neno hilo ni hoja ya kukifundisha. Si hoja ya kukifanya kifundishie. Mbegu ni njema, nasi twaitaka. Lakini hatuwezi kuifanya kuwa jembe.

Tangu hapo nchi imebadilika tena. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na shule za msingi za watu binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zikaanza kuota mijini. Mzazi mwenye fedha humpeleka mtoto huko tangu mdogo; mzazi asiye na fedha humpeleka shule ya serikali. Kuanzia mwaka 2004 serikali ilijenga shule za sekondari kwa wingi, karibu kila kata, na mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali ikaondolewa. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini yule mtoto mmoja aliyekuwa akiruka mto zamani, na aliyechaguliwa kwa sababu ya akili zake nyingi, sasa amekuwa umati wa watoto, wenye nguvu na wasio na nguvu, na mto haujajengewa daraja. Majuma machache ya mwanzo wa Kidato cha Kwanza hutengwa kwa mafunzo ya Kiingereza. Lakini majuma machache yatafanyaje kazi ya miaka?

Sisi tulio katika kazi ya kuwaandaa walimu twajua yanayotendeka darasani. Mwalimu huingia, husalimu kwa Kiingereza, huanza somo kwa Kiingereza. Nyuso huwa kimya. Baada ya dakika chache huona kwamba anasema na kuta. Basi hugeuka, hueleza kwa Kiswahili, na nyuso zikaamka: mmoja auliza, mwingine abisha, wa tatu atoa mfano wa shamba la babaye. Kisha mwalimu hukumbuka mtihani, huandika maelezo ubaoni kwa Kiingereza, nao wanafunzi huyanakili katika madaftari neno kwa neno. Siku ya mtihani mwanafunzi huulizwa kwa Kiingereza alichokielewa kwa Kiswahili, naye huandika yale aliyoyakariri, hata kama swali lilitaka jingine. Anapewa sifuri. Watu husema hajui historia. Labda anaijua, ila hakuulizwa kwa lugha anayoijulia. Na zimekuwako shule ambazo mwanafunzi akisikiwa akisema Kiswahili uwanjani huvikwa kibao shingoni ili aone haya. Anachojifunza hapo ni kunyamaza.

Wazazi wana hoja zao, wala hatuzidharau. Wa kwanza husema, Mwanangu asiposoma kwa Kiingereza hatakijua. Twamjibu hivi: Wajerumani, Waholanzi na watu wa Sweden husoma hesabu na sayansi kwa lugha zao, nao hukijua Kiingereza vizuri, kwa sababu hufundishwa Kiingereza na walimu wanaokijua, kwa vitabu vya kutosha, miaka mingi. Wa pili husema, Kiswahili hakina maneno ya elimu ya juu. Twamjibu: mwaka 1990 ilikwisha kutoka kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno hayaoti pasipotumika; lugha hukua kazini kama mkono wa mkulima. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mahali ambapo zamani ilisemwa kuwa hakifai. Wa tatu husema, Mshika mbili moja humponyoka. Huyo ndiye tunayemwogopa zaidi, maana methali yake ni ya kweli katika shule zetu za sasa: Kiingereza hakikushikwa, na somo lenyewe likaponyoka. Watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, katika kazi yao ya pamoja iliyoanza mwaka 2002, walijaribu kufundisha masomo yale yale kwa lugha hizi mbili, wakaona kwamba wanafunzi wetu waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa na kushiriki zaidi.

Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili na Kiingereza zote zitumike kufundishia. Kwa maneno, mlango ulifunguliwa. Kwa vitendo, sekondari zetu zimeendelea na Kiingereza.

Basi, wasikilizaji, historia hii yatufundisha nini? Twaona kwamba kila serikali ilipobadilika, watu waliulizana juu ya Kiingereza kana kwamba ni bendera: kipandishwe au kishushwe? Wadachi hawakukihitaji. Waingereza walikigawa kidogo kidogo kama chumvi. Serikali ya uhuru ilikishusha katika shule ya msingi ikakiacha juu katika sekondari. Mara chache sana liliulizwa swali la mwalimu, nalo ni rahisi: mtoto huyu, aliyeketi mbele yangu asubuhi hii, anaelewa nisemayo? Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi msala usitandikwe. Twasema mbachao usitupwe kabla msala haujafika.

Kwa maoni yetu, Kiingereza kifundishwe kwa wote, mapema na kwa bidii, na walimu waliofunzwa kazi hiyo hasa, kwa vitabu ambavyo mtoto atapenda kuvisoma hata asipoamriwa. Na masomo mengine yafundishwe, na mitihani yake itungwe, kwa lugha ambayo mtoto anafikiri kwayo. Hayo si mambo mawili yanayopigana. Mtoto aliyekwisha kuelewa maana ya mmeng'enyo wa chakula kwa Kiswahili, akifundishwa jina lake kwa Kiingereza, atalishika jina kwa siku moja. Mtoto aliyekariri jina bila maana atalipoteza pamoja na maana yenyewe.

Ninyi wanafunzi, msingoje mabadiliko ya serikali. Kila neno la Kiingereza mnaloandikiwa ubaoni, tafuteni maana yake kwa lugha yenu, mkaiandike pembeni. Msione haya kuuliza. Anayeona haya zaidi ni yule anayefika mwisho wa mwaka na daftari lililojaa na kichwa kitupu.

Nanyi wazazi, hata msiojua neno moja la Kiingereza, mnacho kipimo kizuri kuliko mtihani. Jioni, mtoto akirudi, mwambieni akae karibu na jiko, mkamwulize: Leo umejifunza nini? Nieleze nami nielewe. Akiweza kuwaeleza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, jinsi mvua inavyofanyika au jinsi malaria inavyoingia damuni, mshukuruni Mungu, maana amefundishwa. Akiwasomea sentensi ndefu za Kiingereza na asiweze kusema zina maana gani, msimpige wala msimcheke. Nendeni shuleni mkaonane na mwalimu, mkamwambie kwa upole yale mliyoyaona. Naye atafurahi, maana mzigo huo ameubeba peke yake muda mrefu. Kwa herini.